Blanketi la Marehemu Ramaisa Kwenye Runinga

KITUO KIDOGO CHA POLISI, HA MOKHETHI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: 'Mamotlatsi Ramaisa
Umri: Miaka 71
Kazi: Kukaanga na kuuza maandazi mlangoni pa zahanati
Makazi: Ha Mokhethi, nyumba yenye mlango wa kijani
Elimu: Darasa la tatu (shahidi anasema la zamani, si la siku hizi)
Tarehe: 12 Juni 2024, saa 3:10 asubuhi

Mimi ndiye niliyefika hapa tarehe 27 Mei kuripoti kwamba blanketi la marehemu mume wangu, Ntate Sekhonyana Ramaisa, limeibwa kwenye kamba ya nguo. Ni la kahawia, lina mistari na picha za mahindi, na pembeni lina tundu la kaa la moto nililolishona mwenyewe kwa uzi wa kijani. Siku ile Koplo Lesaoana aliniambia, "Nkhono, bibi yangu, mablanketi ya kahawia nchi hii ni mengi kuliko watu." Haya. Leo nimerudi kwa sababu nimeliona. Nimeliona kwenye runinga.

Jana Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni, nilikuwa nyumbani nakula ugali na mboga pamoja na mjukuu wangu Limakatso, miaka 17, ninayemlea tangu mama yake aende kufanya kazi Afrika Kusini. Tamthilia ya wanafunzi iitwayo Kengele ya Nne ilikuwa inaanza. Limakatso haikosi hata akiwa na homa. Jana akasema, "Nkhono, tuzime leo, hii ni ya marudio." Nikamwambia, "Iache. Unataka nitazame ukuta?"

Koplo ananiambia nifupishe. Sifupishi. Ushahidi umo humo humo.

Kwanza, ile shule. Tangu Februari naitazama na sijaona mtoto aliyefungua daftari. Wanasimama ukumbini wanatazamana. Mmoja akimtazama mwenzake, wa tatu analia. Jana kiranja wao, Teboho, alipata barua kwamba baba yake si baba yake. Barua ilikuwa ndani ya kiatu. Kiatu anachovaa kila siku! Badala ya kwenda kumuuliza mama yake kama mtu mwenye akili, akatoroka bweni kwenda milimani kumtafuta baba wa kweli, hana kofia, hana hata kipande cha mkate. Mpenzi wake Puseletso, ambaye Jumanne iliyopita alikuwa hospitali hajui hata jina lake, akapona ghafla, akamfuata mbio kwenye theluji na viatu vya dansi. Na theluji yenyewe ilikuwa unga wa mahindi. Chakula cha watu, kimemwagwa chini.

Dakika ya kumi na mbili hivi, Teboho akatokea juu ya farasi amejifunika blanketi. Nikaweka sahani chini. Mistari ilikuwa imelala! Koplo, wewe ni Mosotho, unajua mistari husimama ili mtu naye akue. Ukiilaza unamdumaza. Halafu pini ameifunga kifuani kama bi harusi, wakati bega la kulia analo. Nikasema, "Huyu kavalishwa na nani, adui yake?" Limakatso akasema, "Ni maigizo tu, Nkhono," akaja kusimama mbele ya runinga eti anatoa vyombo, na mimi sijamaliza kula.

Puseletso akazimia. Alizimia bila nywele kuvurugika. Teboho akashuka, akavua blanketi, akalitandika chini amlaze. Chini! Penye mavi ya kondoo! Picha ikasogezwa karibu, ndipo nikauona uzi wa kijani. Nilipiga ukelele mpaka jirani yangu 'Makhauta akaja na mwiko mkononi, ingawa wiki mbili nilikuwa simsalimu, nikimdhania yeye ndiye mwizi. Akauliza, "Nani kafa?"

Nikamwambia, "Hajafa mtu. Ramaisa amekaliwa."

Blanketi hilo ndilo alilorudi nalo kutoka mgodini mara ya mwisho. Alikohoa ndani yake miezi minane. Miaka minne tangu afe sijalifua, nalianika tu. Hilo nalo liandikwe.

Wale wawili wakiwa bado wanaliliana, nyuma ya jiwe akatoka msichana wa shule. Akawanyanyua pale walipokaa. Akaliokota blanketi, akalikung'uta mara tatu, akalikunja mistari ikiwa imesimama. Alikuwa Limakatso.

'Makhauta akasema, "Ehee! Kumbe mwizi uliyeninunia kwa ajili yake ni huyu!" Nikamwambia, "Nyamaza, mama, mtoto anataka kusema."

Akamtazama kiranja usoni, akasema, "Blanketi la mzee halikaliwi." Akaenda zake. Maneno manne. Katika shule ile nzima, yeye peke yake ndiye aliyeonekana amelelewa.

Nilimhoji. Alilia, akasema kwamba Jumamosi tarehe 25 Mei watu wa runinga walikuwa wanachagua wasichana, na atakayekuja na blanketi la kweli la babu atapewa la kusema. Waliahidi kulirudisha baada ya siku tatu. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniomba?" Akajibu, "Ungekataa." Ni kweli, ningekataa.

Sasa Koplo ananiambia kwamba wizi nimeuripoti mwenyewe, kwa hiyo lazima aandike jina la aliyelitoa kambani, na mtoto atashtakiwa. Mtoto mwenyewe yuko nje kwenye benchi amevaa sare, wiki ijayo ana mtihani. Koplo ananiuliza namshuku nani.

Namshuku aliyelaza mistari. Huyo mkamateni hata leo.

Pale nilipoandikisha "limeibwa" pafutwe, paandikwe "limeazimwa bila adabu." Nyumba haijiibii. Hiyo adabu nitaifundisha mwenyewe nyumbani, haihitaji jalada. 'Makhauta nitampelekea maandazi.

Na hao watu wa runinga waambiwe blanketi wakae nalo mpaka Jumanne, maana Limakatso anasema amepewa maneno mengine, saba. Baada ya hapo walilete wenyewe, kwa mikono miwili. Na Jumanne mistari isimame. Nitakuwa natazama.

Niliyoyaona na kuyasema ni hayo. Nimesomewa, hakuna nililoongezewa.

Sahihi: 'Mamotlatsi Ramaisa

Maelezo haya yameandikwa nami, Koplo M. Lesaoana, na kukamilika saa 4:25 asubuhi. Shahidi amekataa wino wa kidole gumba, akaandika jina lake lote kwa mkono wake. Shauri la wizi limefungwa kwa ombi la mlalamikaji. Kabla ya kuondoka, shahidi aliligeuza blanketi langu, lililokuwa juu ya kiti mistari ikiwa imelala, akaisimamisha. Sikupinga.