Nilidhani "Watu Wote" ni Watu wa Nyumbani

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi pokea salamu tu na unisaidie, maana nimefika mahali mkono wangu unagoma, moyo unagoma, na mwanangu naye amegoma. Naishi huku Kolandoto, nina watoto wawili wakubwa, nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika unirekebishe bila kunicheka, barua hii nimeiandika kwenye daftari na binti yangu Limi ndiye aliyeipiga picha akawatumia.

Nianzie mbali kidogo ili unielewe. Baba yangu aliitwa Mayala, na nilipokuwa msichana mdogo alikuwa akifanya kazi kwenye almasi, anaaga wiki mbili, zinakuwa miezi. Simu hakuna, na mama yangu hakujua kusoma, basi tulikuwa na redio ya kaseti aliyoileta baba mwenyewe, mama anakaa kwenye kigoda, mimi nabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja, chekundu na cha pembeni yake, na mama anaongea, "Mayala, mume wangu, zile wiki mbili zako zimezaa wiki nyingine, umeniachia blanketi na baridi yake." Akimaliza tunaifunga kaseti kwenye kipande cha kanga, anapewa mtu anayesafiri kwenda huko, na baba anaisikiliza peke yake. Akirudi alikuwa anamtania mama kwa maneno yaleyale, "Mke wangu, baridi imekwisha?" mpaka ugali unatutoka mdomoni kwa kucheka. Ile kaseti ilikuja kutafunwa na redio, nikaizungusha kwa kalamu, nikaizungusha, utepe ukakatika mikononi mwangu. Baadaye baba akafariki, na ile kaseti ya kumkumbukia hatuna.

Nilipozaa mtoto wa kiume nikampa jina la baba yangu. Kwa hiyo mimi namwita "baba", na mama yangu alimwita "mume wangu" tangu akiwa ananyonya, naye akimwita bibi yake "mke wangu", ndivyo tunavyoishi huku, hakuna asiyejua. Sasa huyu Mayala ana miaka ishirini na sita, yuko Rwamgasa, anafanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Naye aliaga wiki mbili, ikawa miezi saba. Siku moja asubuhi mama yuko uani anakata viazi vya kuanika michembe, akasema, "Lete hiyo simu yako niongee na mume wangu." Nikawasha kamera. Kabla hajaanza akaniuliza, "Nani atasikia?" Nikamjibu, "Mayala tu, mayu," ndivyo tunavyomwita mama huku kwetu. Akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akasema, "Mayala, mume wangu, zile wiki mbili zako zimezaa wiki nyingine, umeniachia blanketi na baridi yake." Mshauri, maneno ya kaseti! Karibu miaka arobaini imepita, na hakukosea hata neno! Kisha akaongeza, "Na kama umepata mwingine huko mwenye meno, mwambie michembe yangu hataionja." Mimi nacheka huku machozi yananitoka, na simu inatikisika mkononi, ukiiangalia ile video utaona viazi vinacheza.

Nikajaribu kumtumia ikakataa kwenda, Limi alikuwa shambani, nikasema basi niiweke kwenye ule mtandao wa video ambao Mayala anaangalia kila siku, ataikuta. Simu ikaanza maswali. Ruhusu? Nikaruhusu. Kubali? Nikakubali. Kubali tena? Nikakubali tena, maana mtu akikupigia hodi mlangoni huwezi kumjibu "Kataa", mimi sikulelewa hivyo. Halafu ikauliza nani aone, ikaniwekea maneno matatu: Marafiki, Mimi tu, Watu wote. Nikafikiria vizuri, nakuapia nilifikiria. Marafiki, hapana, Mayala si rafiki yangu, nimemzaa. Mimi tu, hapana, mimi nilikuwepo, nimeshaiona. Watu wote, nikasema hapo sawa, kwa sababu nyumbani kwangu nikisema "watu wote waje kula" wanakuja wa kaya yangu, hata jirani aliyekaa ukutani hanyanyuki. Nikabonyeza Watu wote.

Kumbe wote ni wote kwelikweli. Mtu nisiyemjua aliikata, akaitia muziki, akaandika juu yake, "Bibi alia kutelekezwa na kijana wa machimboni." Watu wa mikoa ambayo sijafika wakamtukana mama yangu, wengine wakamtukana mwanangu, mmoja akamshauri mama aende ustawi wa jamii kudai matunzo. Kwa Mektilda, mchumba wa Mayala kule Ushirombo, wenyewe walicheka kwa kuwa wanajua utani wa bibi na mjukuu, lakini Rwamgasa wanajua na bado wanamchokoza kwa makusudi. Akifika kazini wanamwambia, "Oya, mume wa bibi, leo umeaga nyumbani?" Akiingia kunywa chai, "Shemeji hajambo? Blanketi limefika?" Mpaka aliyekuwa anampa kazi naye anamwita hivyo.

Mama hakujua lolote, namshukuru Mungu, na wiki tatu baadaye kifua kikambana akafariki. Mayala alikuja kuzika. Alichimba, akafukia, akanawa mikono, na chakula hakugusa. Akaniita pembeni, akasema, "Mama, ifute ile video." Nikamwambia, "Baba, ule ni utani tu." Akasema, "Utani wa nyumbani, mama. Mbona hukuniuliza?" Akaondoka, na simu zangu hapokei.

Mwezi ujao tuna misa ya kumwombea mama na kuweka msalaba kaburini, na msalaba huo tulikubaliana zamani aubebe mwenye jina la mume wake, yaani Mayala. Amemwambia Limi kwamba video ikiwepo yeye hayupo. Limi ananiambia, "Mama, ni kitufe kimoja, bonyeza Futa." Nimejaribu mara nne. Nikifika kwenye Futa nauona ule utepe unakatika tena mikononi mwangu. Nimejaribu pia kuingia kwenye mipangilio, nikaona neno Faraja, nikafurahi nikasema Mungu ni mwema, hata humu kuna faraja, kufungua nakuta vijitufe vya kuwasha na kuzima havina mwisho, na Limi akaniambia siyo Faraja, mama, ni Faragha. Nikafunga.

Nisaidie, mshauri. Nifute sauti ya mama yangu ili nimpate mwanangu, au nibaki na sauti nimkose mtoto? Tafadhali usinitaje jina, maana Limi anasema gazeti nalo ni watu wote.

Ni mimi Mama Mayala, wa Kolandoto.

JIBU LA MSHAURI

Shikamoo mama. Nimepiga hesabu ya ile kaseti, umenizidi. Pole sana kwa msiba. Sasa naomba ruhusa ya kukugombeza kidogo, na safari hii ukitaka kubonyeza Kataa, unaweza.

Umeniomba nisikutaje jina, kisha ukatia saini. Umenitajia mwanao, kazi yake, machimbo anayofanyia, na mchumba wake pamoja na kwao. Majina ya watu na ya mahali nimeyabadilisha yote kabla barua haijatoka. Nakuambia haya si kwa kukucheka, bali uone kwamba tatizo lako halikuanzia kwenye simu. Wewe ni mtu wa mlango wazi. Ni tabia nzuri sana, mama, na ndiyo iliyokuponza.

Maneno yale matatu yamewachanganya hata wenye digrii, na walioyaandika hawakuwahi kula kwenye kaya yako. Kule mtandaoni, "marafiki" ni yeyote mliyekubaliana kufuatana, hata kama umemzaa. "Watu wote" ni dunia. Hapo sikulaumu. Ninapokulaumu ni hapa: simu ilikuuliza ruhusa mara tatu au nne, ukaijibu kwa adabu zote. Mwanao mwenye jina lake kwenye ile video hukumuuliza hata mara moja. Amekuambia mwenyewe, "Mbona hukuniuliza?" Nawe ukamjibu kuhusu utani. Mama, hakukuuliza kuhusu utani.

Haya, futa machozi tufanye kazi.

Simu si kaseti. Kaseti ilikuwa moja, ukikatika utepe basi. Video uliirekodi kwa kamera ya simu yako, na uliyoipeleka mtandaoni ni nakala tu, na ya kwanza huenda bado imekaa humo kwenye picha zako ikikusubiri. Limi aitafute leo. Asipoiona, aipakue ile ya mtandaoni kabla hamjagusa kitu kingine. Aiweke kwenye memori kadi, na nyingine kwenye simu yake yeye. Mkae wawili muisikilize mpaka mwisho, mhakikishe sauti ipo na viazi vinacheza. Hapo utepe wako uko salama, na mkono hautagoma tena.

Kisha fungua ile ya mtandaoni, tafuta vidoti vitatu pembeni yake, bonyeza, utafute panapoandikwa nani anaweza kuiona. Toa "Watu wote", weka "Mimi tu". Fanya hivyo leoleo, usingoje safari nitakayokutuma hapa chini, kila siku unayongoja kuna mtu mwingine anaikata. Zile nakala zilizotiwa muziki siwezi kukudanganya, hazitarudi zote. Ila kila mnayoiona, Limi abonyeze Ripoti, aeleze kwamba ni ya familia na hamkuruhusu. Baadhi zitaondolewa, nyingine watu watazichoka wenyewe.

Halafu rudi kwenye ile Faragha uliyoikimbia. Faragha ni chumba cha ndani, mama, kile ambacho mgeni hata akikaribishwa chai hafiki. Ingia na Limi, mzime kimoja kimoja. Simu ikitaka kujua ulipo, kataa. Ikitaka majina ya watu wako wote, kataa. Kuikatalia simu si ukosefu wa adabu, haina kwao itakapokwenda kusimulia kwamba Mama Mayala alininyima maji.

Ukimaliza hayo, usimpigie Mayala na usimtumie ujumbe. Panda gari uende Rwamgasa. Fungasha michembe, na kama ile aliyoikata mama yako bado ipo, fungasha hiyo hiyo. Usiende pale kwenye karasha mbele ya wenzake, mwite pembeni kama alivyokuita wewe siku ya maziko. Mwite "baba" kama ulivyozoea. Usieleze utani, anaujua tangu ananyonya. Sema, "Nilikosa, sikukuuliza," kisha nyamaza. Najua kunyamaza ndiko kutakuwa kugumu kwako kuliko nauli.

Mkabidhi simu mkononi. Nakala ya nyumbani ni ya mama yako na wewe, hiyo usiiombee ruhusa. Ya mtandaoni ni haki yake. Akibonyeza Futa mbele ya macho yako, mshukuru. Kisha muulize, kwa maneno haya haya, "Baba, unataka kuisikia?" Akisema hapana, funga simu mle michembe. Akisema ndiyo, mwekee, halafu wewe sogea kando uwaache wawili, yeye na bibi yake.

Mama yako alikuuliza swali moja tu kabla hajaongea: nani atasikia? Ukamjibu, "Mayala tu." Hilo ndilo lilikuwa jibu, mama, hata kwa simu. Nenda ukalitimize kabla ya msalaba.