Sita, Sita, Sita

Doha, 2 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini hamjambo nyote, na goti la mama limepoa. Mimi ni mzima. Joto la huku halijaanza kuuma, lakini linanoa meno.

Baba, nina shida na sina wa kumwambia. Tangu nibadilishe simu, unyeti wangu haueleweki. Kwa karibu niko sawa. Nikitumia darubini, kila kitu kinaruka. Nikipunguza, kinalala. Lavender, kiongozi wa timu yetu ya gemu, ananivumilia hadi tarehe kumi na tatu Aprili, siku ya fainali na vijana wa Timbwani. Nisipojirekebisha, nafasi yangu anampa mtu mwingine. Wewe unajua, ile saa moja ya gemu ndiyo saa pekee ninayosikia watu wakinitukana kwa Kiswahili cha nyumbani. Ikiondoka hiyo, nabaki mlinzi wa geti la watu, na kofia.

Mwanao,
Munga

*

Changamwe, 4 Machi 2025

Mwanangu Munga,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti la mamako lingali pale pale, sasa limepata mwenzake.

Ujumbe wako uliingia nikiwa naoga, mamako akaufungua. Alipofika kwenye neno "unyeti" hakuhitaji zaidi. Alijifunga leso akatoka. Niliporudi sebuleni nilikuta wanawake tisa wa kanisa wamefumba macho, wanakuombea sehemu zako. Mmoja aliuliza darubini inaingiaje hapo, mwenzake akamwambia, "Nyamaza, hivyo ni vipimo vya hospitali." Mimi nilikuwa na taulo. Nikasema amina, nikapita.

Sasa nieleze taratibu, kabla hawajafunga kula: huo unyeti ni wa nini?

Babako,
Nyale

*

Doha, 9 Machi 2025

Shikamoo baba. Poleni na maombi.

Nililiweka gemu kwa Kiswahili ili nisisahau, nalo likaniletea neno hilo. Vijana huita sensi. Ni hivi: ukipitisha kidole kwenye kioo, bunduki inageuka. Sensi ndiyo inayosema igeuke kiasi gani. Bila darubini nina namba yake. Darubini ya mara mbili ina namba yake, ya mara nane ina yake. Mimi ni mdunguaji wa timu, kazi yangu ni kukaa mbali na ile ya mara nane. Nataka mkono wangu uhisi kitu kimoja kwenye zote, nisiwe kila nikibadilisha darubini najifunza upya kutembea.

Mwambie mama niko salama huko anakofikiria.

Munga

*

Changamwe, 11 Machi 2025

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na sisi tu wazima. Mamako nimemwambia. Hakuamini, lakini wanawake wamerudishwa makwao.

Nilikwenda kwa Lavender pale Chaani kutazama hilo gemu. Amenipa kiti na soda ya moto. Ana kibanda cha simu nane na feni moja, na feni inamwelekea yeye. Nimetazama siku mbili. Munga, hii ni kazi yangu. Miaka ishirini na mbili nilikaa juu ya kreni ya makontena, nikisukuma mkono wa chuma wa urefu wa kalamu, na kule chini tani ishirini zinanitii.

Darubini ya mara nane inakuletea picha kubwa mara nane. Kidole kile kile, picha inakimbia mara nane. Kwa hiyo huna budi kuchagua: ama bunduki igeuke sawa kwa kila darubini, ama picha ikimbie sawa. Vyote viwili hupati. Wewe unadungua, macho yako yapo kwenye picha. Chagua picha.

Chukua rula. Pitisha kidole sentimita mbili, utazame alama ya ukutani imehama sentimita ngapi kwenye kioo. Fanya mara tatu bila darubini, mara tatu kwa ya mara mbili, mara tatu kwa ya mara nane. Niletee namba. Usizipambe.

Babako

*

Doha, 16 Machi 2025

Shikamoo baba, habari za huko. Mimi mzima.

Nimerekebisha darubini zote picha ikimbie sawa. Namba ndizo hizi, kwa sentimita. Bila darubini: sita, saba na nusu, tano. Ya mara mbili: nne, saba, sita. Ya mara nane: tano, nane, tatu.

Simu hii ni mbovu. Nilijua.

Munga

*

Changamwe, 17 Machi 2025

Munga,

Hatujambo. Mvua imepiga, barabara ya malori ni uji.

Sikiliza. Mashine ikiwa mbovu, inakosea vile vile kila siku, kama karani aliyesomea makosa. Kreni yangu ilikuwa ikivuta kushoto, basi ilivuta kushoto miaka sita na hatukugombana. Namba zako zinakwenda huku na huku. Tena hata bila darubini, pale unaposema uko sawa. Uko sawa kwa sababu adui yuko karibu, ukikosea unampata tu.

Pima tena, uwe umekaa kitako, umetulia.

Baba

*

Doha, 18 Machi 2025

Shikamoo baba.

Nimepima nimetulia. Bila darubini: sita, sita, sita. Ya mara mbili: sita, sita, sita. Ya mara nane: sita, sita, sita. Ulikuwa sahihi, ilikuwa ni kukaa vibaya tu. Asante. Mwambie Lavender nimepona.

Munga

*

Changamwe, 19 Machi 2025

Mwanangu,

U mzima? Safari hii nauliza kweli.

Mkono wa mtu aliye hai hautoi sita mara tisa. Mimi nilipokuwa na miaka thelathini na mshipa wa chuma sikutoa. Hizo namba umezitoa kichwani, na wewe hujawahi kunidanganya bila sababu.

Nitakuambia jambo ambalo mamako analijua nusu. Mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka miezi kumi na moja kabla sijaacha kazi. Asubuhi ulikuwa kidogo, mchana zaidi. Nilimwambia msimamizi fimbo ya kreni imelegea, wakaibadilisha. Nikasema kiti kimekaa chini, wakakiinua. Walinibadilishia hadi kioo. Kisha siku moja nikashusha kontena nusu mita kando ya alama, na kwenye nusu mita hiyo alikuwa amesimama Abubakar, mfunga minyororo. Aliruka. Mguu wake mmoja haukuruka vizuri. Hadi leo akipita hapa anachechemea, na ananiamkia vizuri sana, na hilo ndilo linalonichosha.

Kila mtu alidhani niliacha kazi kwa kumhurumia Abubakar. Niliacha kwa aibu ya miezi kumi na moja.

Mkono wako una nini?

Baba

*

Doha, 6 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Kila siku nilianza kuandika, nikaishia kwenye salamu.

Mwezi wa pili geti lilinibana dole gumba la kulia. Ni geti la chuma la kusukuma, mwenzangu alilisukuma nikiwa bado nimelishika. Msimamizi akanipa vidonge na bandeji, akasema tusiandike ripoti, tukiandika itakuwa maneno. Bandeji ilitoka. Hisia haikurudi. Nikigusa kioo sijui kama nimegusa. Naangalia kidole ili nijue kiko wapi, na nikiangalia kidole siangalii adui. Simu nilibadilisha kwa sababu nilidhani ni simu. Nilitaka iwe simu.

Kazini nafungua geti kwa mkono wa kushoto na hakuna aliyeona. Wakiona, watanirudisha.

Baba, nakuomba kitu kimoja. Jumapili ijayo ni fainali. Usimwambie Lavender. Niache nicheze hii moja, baadaye nitasema yote, kazini na kwenye timu.

Mwanao,
Munga

*

Changamwe, 7 Aprili 2025

Munga,

Pole, mwanangu. Pole sana. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikakaa hapo hapo kizingitini, na mamako akaniambia nimeziba njia.

Lavender sitamwambia. Mdomo ni wako. Nilikwenda kibandani kwake leo, akaniuliza, "Mzee, mdunguaji wangu vipi?" Nikamwambia soda yako ni ya moto.

Lakini hiyo "hii moja" naijua. Mimi nilikuwa na meli "hii moja" kila wiki. Katika gemu hatakatika mtu mguu, kweli. Watakaa wanne wakijua nyuma yao kuna mtu anayewalinda kwa mbali, nao watatoka kichwa wazi kwa kukuamini wewe. Watapigwa, na hawatajua ni kwa nini. Watadhani wao ndio wabovu.

Na geti la huko si gemu.

Mwone daktari asiye wa msimamizi. Ukirudishwa, umerudishwa. Chumbani mwako nimeweka magunia ya mkaa, yatahama.

Baba

*

Doha, 10 Aprili 2025

Baba,

Nimesema. Nilianza kazini, kwa sababu ndiko nilikoogopa zaidi. Daktari amenichoma sindano kwenye ncha ya dole gumba, nikamwuliza ataanza lini. Alikuwa amemaliza. Anasema mshipa wa hisia umekufa sehemu, unaweza kurudi, unaweza usirudi, ni miezi. Kampuni inanirudisha. Tiketi ni ya Jumanne tarehe kumi na tano.

Kisha nikampigia Lavender. Akasema, "Asante kwa kuniambia kabla." Hakunitukana hata kidogo. Hapo ndipo nililia.

Munga

*

Changamwe, 14 Aprili 2025

Mwanangu Munga,

Salamu utazipata ukifika, sitazimaliza hapa. Magunia yametoka, vumbi lake bado.

Jana tumepigwa na Timbwani, raundi tatu kwa moja. Aliyekaa mahali pako ni mpwa wake Lavender, binti anayeitwa Mweri. Alijitahidi, lakini alikuwa na haraka. Ile moja tuliyopata ilikuwa ya kwake. Nilikaa mwisho wa benchi nikashangilia mahali pasipostahili, wakaniambia, "Mzee, huyo aliyeanguka ni wetu."

Watu walipotawanyika nikasoma karatasi ya majina ya timu aliyobandika Lavender ukutani. Jina lako lilikuwa juu, limekatwa kwa mstari mmoja mwembamba, na la Mweri limeandikwa pembeni. Lako linasomeka lote, mwanzo hadi mwisho. Nikamwuliza Lavender kwa nini hakulifuta kabisa, kama anavyowafuta wengine hadi karatasi inatoboka.

Akasema, "Aah, mzee, kalamu ilikuwa inaishiwa wino."

Kalamu ilikuwa mezani pake. Nikaichukua, nikaijaribu kwenye kiganja changu. Wino umejaa tele, na bado haujatoka mkononi.

Babako,
Nyale