Siku Tisa Bila Sauti Yako, Mkalimani Wangu

Mume wangu, Didier wangu,

Bado nacheka peke yangu hapa jikoni kwetu mtaani Jette, mpaka jirani wa chini amegonga dari yake. Agonge tu! Jana asubuhi simu ililia, na ilikuwa sauti yako, imekauka lakini ni yako: "Chérie, wafungwa wa vita wamevuka mupaka, pande zote. Kazi imeisha. Miye niko muzima." Nikakaa sakafuni nikalia, kisha nikainuka nikapika sombe, kisamvu chetu, ya watu kumi.

Siku tisa, Didier! Tulikuwa na wiki tatu tu za ndoa ulipoondoka na wanadiplomasia kuwatafsiria, na huko mazungumzoni simu zenu zikachukuliwa mlangoni. Siku ya nne habari zikasema kombora limeanguka katika mji uleule. Nikapiga simu ofisini kwao. "Subiri, Madame." Basi.

Nilikuwa nikiilaumu benki yako. Ulikuwa umekaa mezani pako ukiwafungulia wakimbizi wa Ukraine akaunti, kwa Kirusi ulichokisoma ujanani. Mteja mmoja, mwanadiplomasia, akakusikia, na kuanzia hapo vita vikakuchukua kutoka kwangu mara kwa mara.

Ila kuna siku moja iliyonitia nguvu katika kusubiri kule: siku ya posa, familia zetu zilipokutana Ganshoren, kwa shangazi yangu Maman Odette. Mwalimu wako wa Kirusi, mzee wa watu, alikuja kutoka mbali akasimama kutusalimu kwa Kirusi na kujitambulisha. Nawe, kwa mazoea ya kazi, ukatafsiri kama wakalimani wanavyofanya: "Mimi nimeoa mara mbili, nina watoto watatu."

Maman Odette akaruka kutoka kwenye kiti, akazionyesha kreti za bia ulizoleta kwa posa. "Eeh! Bibi babili, batoto batatu? Alors, beba casiers zako za bière, uende!"

"Maman, haiko miye, ni yeye ndiye anasema!"

"Yeye gani? Kinywa ni cha nani?"

Baba yangu alicheka hadi machozi. Jasho likakutoka ukieleza kwamba mkalimani humwazima mwenzake kinywa, husema "mimi" badala yake, asiongeze wala asipunguze. Nilikutazama nikakupenda upya, palepale, mbele ya wazee wote!

Lakini katika siku zile tisa jambo hilohilo liliniogopesha. Nilikuwaza ukitamka vitisho vya majenerali kwa sauti inayoniambia bonjour kila asubuhi. Siku ya saba nilianza kukuandikia barua nyingine, ya mke asiyejua kama mumewe atairudia nyumba. Sikuweza kupita jina lako. Jana niliichana vipande vidogo, nikaandika hii.

Sitakuuliza walisemaje mezani. Najua hutasema. Inanitosha kwamba kuna akina mama kule, pande zote mbili, wanaowapikia watoto wao leo, na kwamba Jumatatu unarudi benki, kwa fomu zako na tai yako ya bluu.

Alhamisi nitakuwa stesheni, Gare du Nord, pale treni yako itakaposimama. Nitapiga kigelegele kama maman wa Lubumbashi. Watu wa maofisini watageuka kutazama. Wageuke! Wangu amerudi.

Njoo salama, mpenzi.

Mke wako (lo, bado ni raha kuliandika neno hili), mke wako,
Nadège