Kikosi Ulichosema Nimwachie Furaha

Placide, shemeji yangu,

Ni mimi Gaspard, kaka wa mke wako. Nimekaa kwenye kiti cha wateja hapa saluni kwa mkeo, Umbilo Road, Durban, naandika kwa kalamu ya Furaha kwenye karatasi ya Furaha. Unajua shule yangu iliishia darasa la sita kule Uvira. Nikikosea herufi, wewe soma maana. Mwalimu wangu mwenyewe alisema akili yangu inakimbia kuliko mkono, na alikuwa mtu asiyesifu hovyo.

Kwanza habari. Nyumbani kuko salama. Paa la saluni lilivuja kwenye mvua za Januari, nikalipanda mwenyewe, nikaliziba. Majirani wanasema halijawahi kuzibwa vile. Timu yetu, Radi ya Umbilo, bado iko. Na pia kuna neno lako ambalo nimekaa nalo miezi saba bila kulifikisha. Nalitaja mapema ili usifikiri nimekuja na salamu tupu.

Siku ile ya mwisho hospitali uliniambia: "Gaspard, kikosi mwachie Furaha. Wewe endelea kusema, yeye apange." Nikakuitikia. Nikatoka. Koridoni walikuwa wamesimama wachezaji watano, na kapteni Elie akaniuliza, "Tonton, mjomba wetu, kocha amesema nini?"

Nikajibu, "Amesema timu nichukue mimi."

Sikuwa nimepanga. Lilitoka lenyewe, kama mpira unaokutoka mguuni kabla hujatazama goli. Na wewe ukafa siku hiyo hiyo kabla ya jioni, kwa hiyo hapakuwa na wa kunikanusha. Tukakuzika. Niliongea vizuri sana kwenye mazishi, kila mtu alisema. Baada ya hapo, kila siku iliyopita neno lile likawa gumu zaidi kulisema, na mimi nikajiambia: mwanamke apange kikosi cha wanaume? Wale wapinzani wetu wa Point watatucheka mpaka watapike.

Msimu ukafungwa. Yakaja yale mapumziko, Desemba mpaka Februari, ambapo mchezaji asiye na timu ni wa yeyote atakayemwahi. Hapo niling'ara, shemeji. Wengine wanasajili kwa miguu, mimi nasajili kwa mdomo. Desturi yetu sikuivunja: hakuna mkataba wala karatasi, mtu anakaa nyuma ya saluni, anakula fufu na sombe, yale majani ya muhogo, kwenye sahani moja na kamati, na akishanawa mikono amekuwa wa Radi. Aliyekula amesaini. Ila kamati ilibaki mimi peke yangu, kwa hiyo nimekula sana mapumziko haya. Suruali niliyovaa kwenye mazishi yako haifungi tena.

Nilisajili watu watatu, na mji mzima ulisikia.

Wa kwanza ni Bahati, mtu wa Bukavu, analinda magari pale ufukweni. Mshambuliaji. Nilimwona kule mtaa wa Glenwood akipiga mpira, ukapita juu ya mti, ukapita juu ya nyumba mbili. Tumbili walikuwa ukutani wanakula mkate waliouiba jikoni kwa watu. Wakaacha kula. Dume lao likasimama wima, naapa, kama mtu anayesikia wimbo wa taifa.

Wa pili ni Kombo, Mtanzania wa Tanga, mlinzi wa ghorofa moja kule Point. Kipa. Akifungua kiganja unaweza kukaa kivulini. Wale wa Point walikuwa wanamwinda, naye anaishi mlangoni kwao kabisa! Nikamfuata getini kwake siku nne. Siku ya nne akaniuliza, "Mzee wangu, wewe huchoki?" Nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi nimewahi kumshawishi askari wa mpakani anibebee begi." Akacheka, akaja, akala.

Wa tatu ni Salumu, mwanafunzi wa chuo, amepanga chumba Glenwood. Kiungo. Huyo hakimbii, anaukimbiza mpira, yeye mwenyewe anatembea kama mwenye nyumba. Tena aliniamkia shikamoo. Sisi Wakongo shikamoo hatuna, lakini siku ile niliipokea kama mfalme.

Nikachukua boksi la nywele za bandia, nikalikata, nikachora kikosi juu yake. Nne nyuma, tatu katikati, tatu mbele. Kombo golini, Salumu kati, Bahati mbele kati ya wawili wa pembeni, kama mnara. Nikakibandika ukutani. Wateja wakawa wanakisoma huku wanasukwa, na mmoja, ambaye mpira haujui, alisema kinapendeza.

Furaha alikitazama mara moja. Akauliza, "Umewauliza wanaingia kazi saa ngapi?"

Nikamjibu, "Dada, mpira hauulizi saa."

Akarudi kwenye kichwa cha mteja wake.

Wewe ndivyo ulivyokuwa unauliza. Miaka yote ile, akija mtu mpya, hukumuuliza anacheza namba ngapi. Ulimuuliza, "Unaingia kazi saa ngapi? Unatoka saa ngapi?" Mimi nilidhani ni adabu tu, kama kuuliza habari za watoto.

Basi Jumapili iliyopita tukacheza mechi ya kujipima na wale wa Point, saa sita mchana, joto lile la Februari unalijua. Saa sita kasoro robo nahesabu watu wangu: saba. Nampigia Bahati. Ananiambia, "Tonton, leo ni Jumapili! Watu wote wako baharini. Nikiacha nafasi yangu hapa, kesho iko mtu mwingine ndani yake." Hajawahi kuwa huru Jumapili hata moja tangu aingie Durban. Sikumuuliza, hakuniambia, mimi ndiye niliyekuwa naongea.

Wa pembeni wangu wawili na beki mmoja ni walinzi wa kampuni moja, zamu moja. Niliwapanga wote. Walikuwa kazini wote.

Kombo alikuja. Ametoka zamu ya usiku kucha, hajaona kitanda. Mimi natia chumvi, unanijua, lakini hili halina chumvi: alilala amesimama, ameegemea nguzo ya goli. Bao la pili lilipita pembeni yake taratibu kama mgeni anayevua viatu. Refa alimwamsha yeye kwanza, ndipo akapuliza filimbi.

Na Salumu alikuwa amefunga. Ramadhani ilikuwa imeanza wiki ile. Mimi nilimlisha sombe Januari, nikasahau kwamba miezi inatembea. Alitembea kweli, safari hii si kama mwenye nyumba. Dakika ya thelathini akakaa chini katikati ya uwanja akaniambia kwa heshima zake zote, "Samahani mjomba, naona nyota."

Wale wa Point wakawa wanaimba kwenye mstari. "Tonton, timu iko wapi? Iko mdomoni?" Mmoja wao mzee kama mimi, mwenye kofia, akaniambia, "Eish, baba, fungua mdomo tena, pengine beki atatoka." Kufikia mapumziko tulikuwa tumefungwa tano. Elie akanifuata. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Akasema, "Tonton, tunakuheshimu. Lakini Jumapili ijayo ikiwa hivi tena, mimi na wenzangu tunakwenda Point. Kocha hangefanya hivi."

Nikawa sina neno. Andika hilo mahali, Placide. Gaspard hakuwa na neno.

Furaha alikuwa amekaa kwenye ndoo yake ya mafuta ya kupikia, pale pale alipokaa miaka yote, nami miaka yote nilidhani anatusubiri tumalize ili afunge jiko lake la mandazi anayouza pale uwanjani. Akatoa simu. "Mama Neema, mzee ameamka? Alitoka kazini jana mchana, amelala vya kutosha, mtoe." Akapiga nyingine. "Chantal, mume wako si ana siku yake ya mapumziko leo? Mwambie aache televisheni." Simu nne. Hakutazama karatasi yoyote. Kila mke aliyempigia anasukwa hapa saluni, na mke anayesukwa saa tano nzima anasema zamu ya mumewe, usingizi wa mumewe, hata goti la mumewe. Watu wanne wakafika ndani ya dakika ishirini, mmoja kwa ndala. Akamtoa Kombo akalale chini ya mti, akamtuma Salumu nyumbani akapumzike hadi futari. Akawaambia nani asimame wapi. Nao wakasimama.

Kipindi cha pili hatukufungwa. Tulipata moja. Tulipoteza mechi, ndiyo, lakini wale wa kuimba walinyamaza, na yule mwenye kofia aliniuliza, "Yule mama ni nani?"

Nikageuka kumtazama dada yangu. Nilikuwa nafikiri: kumbe kila Jumamosi ulipokuwa unasema "ngoja nikalale nifikirie kikosi," ulikuwa unakwenda kumuuliza mkeo.

Jana, Jumatatu, nikaja hapa saluni. Alikuwa anasuka. Nilisimama mlangoni, nikaanza na habari za paa. Akasema, "Gaspard, sema." Nikasema. Nikamwambia hospitali ulisema nini, na mimi koridoni nilisema nini.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu, mazuri, nimeyapanga tangu Umbilo robot, pale kwenye taa za magari. Hakutukana. Alimaliza ule mstari aliokuwa anausuka mpaka mwisho, akaufunga, akafuta mikono. Akasema, "Miezi saba."

Kisha akauliza, "Alilitaja jina langu?"

Nikasema, "Alilitaja."

"Kwa mdomo wake? Alisema Furaha?"

"Alisema, kikosi mwachie Furaha."

Akaniambia niseme tena. Nikasema tena. Akaniambia mara ya tatu, na yule mteja alikuwa amegeuza kichwa nusu kimesukwa, anatutazama kwenye kioo. Furaha akasema, "Mimi nilifika umeshafariki." Nilidhani amekosea, alitaka kusema ameshafariki, kumbe alikuwa anasema na wewe. Kisha akasema, sasa na mimi: "Niliuliza watu wote aliwaambia nini. Kila mtu alipewa lake. Elie alipewa lake. Wewe uliniambia ulipewa timu. Nikajua basi, mimi aliondoka bila kunitaja."

Shemeji, mimi nilifikiri nimeiba timu. Timu ni kitu kidogo, watu ishirini na mpira mmoja. Sikujua nimeshika nini mfukoni muda wote ule, naye anapita mbele yangu kila siku akinipakulia chakula.

Nitaacha hapo, maana sikukuandikia ili nilie, na hiki kiti kina mteja anasubiri.

Leo asubuhi amepanga kikosi cha Jumapili. Bahati atacheza mechi za jioni za katikati ya wiki, Furaha ameongea naye. Kombo atadaka Jumapili moja, atapumzika moja, kwa zamu yake. Salumu tunamsubiri mpaka Idi, na futari ya Ijumaa ijayo tunampelekea chumbani kwake, timu nzima. Kwa hiyo usajili wangu haukuwa mbaya, hilo lazima ulisikie. Wachezaji niliwaleta mimi. Nilisahau tu kuwauliza wanaishi vipi.

Mimi sipo kwenye orodha. Nilitafuta jina langu chini, kwenye benchi, kwenye kamati. Nikamuuliza. Akasema, "Wewe kazi yako alikupa mwenyewe. Endelea kusema."

Basi, Placide, lala. Ahadi yangu ni hii. Jumapili, kabla ya mechi, Elie na wote wakiwa wamesimama, na wale wa Point wakiwepo kama wanataka kuwepo, nitasema nilichodanganya koridoni. Kisha nitalisema neno lako, kama lilivyotoka kinywani mwako, maneno yake yote na si zaidi. Sitaweka tumbili ndani yake. Na kila Furaha atakapotaka kulisikia tena, akiwa jikoni, akiwa kwenye gari, hata akiniamsha, nitamwambia hivyo hivyo, mpaka mimi mwenyewe nije.

Shemeji yako,
Gaspard