Mkwaju wa Huruma

Newala,
Oktoba 12

Kaka yangu Danieli,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri hapo Ndanda, wewe na Wifi Loveness na watoto, na kile kikohozi cha mwezi wa saba kiwe kimekwisha kabisa. Sisi huku tunakula na kutembea, namshukuru Mungu. Maji bado ni ya kuvizia, bomba hutoa siku linapotaka. Baba Huruma yuko Tandahimba tangu msimu wa korosho uanze, kwa hiyo niko peke yangu. Umenipigia simu mara nyingi nami nikakujibu kwa mkato. Nisamehe. Nilijua nikianza kusema nitalia kabla sijafika katikati, nawe hupendi kusikia kilio bila kujua msiba ni wa nani.

Mama atakuwa amekueleza kwamba Huruma yuko kwake Masasi, na kwamba likizo imekwisha bila yeye kurudi. Hakukueleza sababu kwa kuwa haijui. Lakini wewe ndiye mjomba wake, na kwetu mjomba hafichwi jambo la mtoto.

Unajua kwamba mwaka jana nilianzisha timu ya wasichana hapa katani. Wanaume waliikataa kazi hiyo, wakasema wasichana watacheka tu na kurudi nyumbani na jezi chafu. Nikasema nitawafundisha mimi, maana wewe ulinifundisha kutuliza mpira kwa kifua mpaka Mama akakufukuza na mwiko. Huruma alifurahi kuliko wote. Mguu wake wa kushoto una akili, kaka, siyo kwa sababu ni wangu. Jioni tulirudi nyumbani tukisukumiana mpira njia nzima, na watu wa barabarani wakitupisha.

Maneno yalianza nilipompa kitambaa cha unahodha. Mama Sikuzani, ambaye binti yake alikuwa winga wetu, na mchezaji mzuri kweli, alisimama kwenye kikao cha wazazi akasema kwamba unahodha siyo shamba la mikorosho, mama amrithishe mwanawe. Watu wakacheka. Kicheko kile kiliniingia. Kesho yake nilimvua Huruma kitambaa mbele ya wenzake nikamfunga Sikuzani, na nikamwambia mwanangu kwamba kuanzia siku hiyo uwanjani hana mama, ana kocha, na aniite hivyo.

Nilidhani natenda haki. Wenzake wakichelewa niliwaonya kwa maneno, yeye nilimkimbiza kuuzunguka uwanja. Baada ya mazoezi tulikuwa na dumu moja la maji la kunawa wote, nami nikaamuru Huruma awe wa mwisho, asije mtu akasema mtoto wa kocha ananawa maji safi. Mara nyingi zamu yake ilikuta dumu tupu, akarudi nyumbani na mchanga mwekundu umemkaukia mpaka magotini. Siku ukucha wake wa kidole gumba ulipong'oka aliomba kupumzika. Mtoto mwingine ningempeleka kivulini. Yeye nilimwambia akifunge kidole kwa kitambaa acheze. Wazazi wakanisifu kwamba sasa sina upendeleo, na ile sifa, kaka, ilikuwa tamu.

Nyumbani nako sikunyamaza. Nikimpakulia ugali nilikuwa nikimhesabia pasi alizokosea. Akaacha kujibu, akawa anatikisa kichwa tu, anakula, anaosha vyombo, anakwenda kulala. Baba Huruma alinionya kabla hajaondoka, akasema mtoto huyu anakonda machoni. Nikamwambia yeye aangalie korosho zake.

Mwezi wa tisa tulifika fainali, hapo Masasi, dhidi ya wasichana wa Tandahimba. Mshindi alikuwa aende Mtwara, ambako walimu wa shule zenye timu kubwa huja kuchagua watoto. Kwa Sikuzani ile ndiyo ilikuwa njia, maana mama yake alikwisha kuniambia kwamba akikosa hapo, akimaliza la saba atabaki naye shambani. Tukatoka sare, tukaenda kwenye penalti. Mkwaju wa tano ndio ulikuwa wa kuamua. Sikuzani aliuomba, nikamnyima. Nilimpa Huruma, ili watu wote waone kwamba simfichi mwanangu penye uzito. Alinitazama kidogo, kama mtu anayengoja niongeze neno. Kisha akaenda akaupanga mpira na kuupiga juu ya mwamba, juu kabisa, ukaangukia barabarani. Wenzetu wakafunga wa kwao, ikawa basi.

Sikuzani alipandishwa gari analia. Wazazi waliniambia palepale kwamba watatafuta kocha mwingine. Mimi na Huruma tukabaki kwa Mama.

Asubuhi yake tulikuwa uani tukimenya muhogo, yeye na mimi tu.

“Mama,” alisema, “ule mpira niliupiga nje makusudi.”

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea bila kuinua macho: “Nilitaka wakutoe. Kocha akinionea sina wa kumwambia. Nikirudi nyumbani namkuta jikoni.”

Kaka, hapa nisome polepole. Mtoto alikuwa ananiomba nimrudie. Nilitakiwa kufanya jambo moja tu, na hata mjinga angelijua. Mimi niliweka kisu chini nikamuuliza: “Unajua Sikuzani amekosa nini kwa sababu yako?” Sauti ilikuwa ileile ya uwanjani. Niliisikia mwenyewe ikitoka, nikashindwa kuirudisha.

Huruma akaokota muhogo mwingine. “Ndiyo, kocha,” akasema. Tukamenya mpaka ungo ukajaa.

Nilirudi Newala bila yeye. Mama Sikuzani sijamwambia kitu, na hunisalimia kwa upole siku hizi, akidhani tumepata hasara moja. Juzi nimemwona Sikuzani shambani akiokota korosho, nikapita njia ya nyuma.

Jumapili iliyopita nilishuka Masasi kumpelekea Huruma nguo zake za shule. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi. Alinipokea mzigo kwa mikono miwili, akapiga goti, akaniletea maji ya kunywa, glasi juu ya sahani. Akaniuliza habari za safari, na kama vumbi lilitusumbua njiani. Nilipoanza kusema yangu alisikiliza mpaka mwisho, akajibu kwamba hamna shida, mama. Wakati wa chakula aliniwekea minofu yote, yeye akabaki na mchuzi. Jioni akanisindikiza stendi, akasimama mpaka basi likaondoka, akapunga mkono. Nilimlea hivyo mwenyewe, nikamfundisha jinsi ya kumpokea mgeni. Heri angenitukana.

Sikuombi umrudishe, kaka. Mama atakuomba ushughulikie uhamisho wake wa shule. Ushughulikie. Ninachoomba ni kwamba ukienda Masasi uwe unapita kumwona. Ukimkuta anacheza mpira, tafadhali usimsahihishe chochote. Mtazame tu, kisha mnunulie muwa mrudi nyumbani mkizungumza mengine. Wala usimwambie kwamba nimekuandikia.

Nisalimie Wifi Loveness, mwambie mbegu za njugumawe nimempatia, zitakuja na mtu. Wabusu watoto. Baba Huruma anakusalimu kutoka Tandahimba. Naye bado hajui yote, nitamweleza akirudi, nikiweza.

Mimi mdogo wako,
Mabel