Kelele ya Baiskeli ya Marehemu

Shoga, shika simu! Nimeaibika njiani peke yangu, nacheka kama kichaa.

Ile kelele ya baiskeli ya marehemu mume wangu nimeijua inatoka wapi. Ile ko-ko-ko! Ile iliyonifanya nimwambie shemeji aje aichukue, eti roho ya kaka yake haitaki niiendeshe. Na kufunga kula nimefunga, ili itulie!

Nikishika rozari nikasali, kimya. Nikiirudisha kiunoni, ko-ko-ko. Nikasema basi, mume wangu karudi vibaya, anaogopa hadi rozari.

Leo nikainama huku nakanyaga pedali. Shoga, ni msalaba! Msalaba wa rozari yangu mwenyewe, unagonga fremu kila goti likipanda. Msalaba! Maskini mume wangu nimemsingizia, na alivyokuwa mpole.

Kufika nyumbani, shemeji huyo mlangoni na kamba ya kuifungia. "Lete baiskeli, shemeji." Sasa mimi sokoni nitakwenda na nini, mgongo wake?

Nikamwambia, "Ichukue tu, shemeji. Ila leo imeita jina lako."

Kaacha hata kamba.

Mungu atanisamehe. Marehemu najua anacheka.