Nane Niliyoifanya Sita

Jumatatu, 6 Juni 2011

Duarte kaleta kitabu chake. Si kitabu bado — kurasa za majaribio zilizobanwa kwa klipu, herufi ndogo kama sisimizi. Eti nipitie kwa utulivu ila nimrudishie Jumapili. Mpwa wangu huyu ana miaka arobaini na minane na bado anaongea kama mtu anayekimbilia treni.

Historia ya ukoo wetu na nyumba ya Vale da Ursa. Wageni watakaolipia kulala vyumbani mwetu wataikuta kando ya kitanda. Nimefika sura ya pili tu, tayari nimekasirika. Eti mfalme alitupa ardhi hii kwa ushujaa vitani. Ushujaa gani! Babu wa babu yangu aliinunua mnadani serikali ilipowafukuza watawa. Alikuwa mchuuzi wa nyumbu. Kila mtu hapa Alentejo anajua, isipokuwa Duarte.

Felismina kaja na supu ya mkate. Ananitunza mwaka wa sita sasa — ananiosha, ananigeuza, ananifokea.

"Kula, Binti. Ikipoa inakuwa gundi."

Binti! Nina miaka themanini na minne. Kwa kuwa sikuolewa, nitazikwa nikiitwa Binti.

Alipokuwa akikunja kitambaa aliniuliza, bila kuniangalia, kama baba yake yumo kitabuni. Nikasema sijafika huko. Uongo. Nilikuwa nimeruka hadi sura ya nane kabla ya kitu kingine chochote.

Jumanne, 7 Juni

Nainakili hapa, nisije nikasema sikuisoma. "Mwaka 1975 wafanyakazi waliliteka shamba. Nyapara wao, Zeferino, asiyejua hata kusoma namba, aliamuru mialoni ya kizibo iganduliwe kabla ya wakati wake. Miti tisini ikafa."

Zeferino. Baba yake Felismina.

Namba alizijua kuliko Duarte. Huku hata mbuzi wanajua: ukishaugandua mwaloni gamba lake la kutengenezea vizibo vya chupa, unaupaka kwenye shina, kwa rangi nyeupe, tarakimu ya mwisho ya mwaka ule, kisha unauacha miaka tisa. Ukiurudia mapema gamba ni jembamba, shoka linafika kwenye nyama ya mti, na mti unakwenda.

Kitalu cha bondeni kiliganduliwa 1968. Miti mia mbili na kumi na miwili, kila mmoja na nane yake. Ilipaswa isubiri hadi 1977.

Mimi ndiye niliyezibadili zile nane.

Basi, nimeandika. Nilidhani mkono utakataa.

Januari 1975, baada ya mapinduzi, kila mtu alijua tutanyang'anywa shamba. Kaka yangu Bernardo, baba yake Duarte, alikuwa akifunga sahani kwa magazeti. Mimi nilichukua kisanduku cha rangi, kiti cha kukunja na kofia ya majani, asubuhi tano mfululizo, kama mwanamke aendaye kuchora mandhari. Nilichanganya kahawia na kijivu mpaka ikawa gamba lenyewe. Mguso mmoja juu kulia, na nane inakuwa sita. Yaani 1966. Yaani tayari mwaka uleule. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya kwa brashi, na hakuna aliyeiona.

Kwa nini? Duarte angeandika "kulinda urithi". Hapana. Wiki ile Zeferino, aliyekuwa amekwenda mkutano wa ushirika wa wafanyakazi, alinipita uani bila kuvua kofia. Hilo tu. Nilitaka wavune kizibo kibovu, wachekwe. Kufa kwa miti sikukuwazia.

Hata hiyo ni nusu ya udhuru. Niifute? Nimeshindwa kuifuta.

Alhamisi, 9 Juni

Nimemwambia Duarte. Kwanza akacheka. Halafu akanishika paji la uso. Halafu simu ikalia — akapokea! Mambo ya mashuka. Nilisubiri kama mgonjwa kwenye foleni.

"Shangazi, mwezi uliopita ulikuwa na homa. Unachanganya mambo."

"Nilichochanganya ni rangi tu."

"Sawa, hebu tuseme ni kweli. Zeferino kafa. Baba kafa. Ushirika wenyewe umekufa, shamba tulisharudishiwa. Unamwambia nani sasa?"

"Felismina hajafa. Yuko jikoni anamenya viazi."

Hapo akashusha sauti. Akasema atalitoa jina la Zeferino, aandike "wafanyakazi" tu. Alinitazama kama aliyeniletea maua. Yaani badala ya kumsingizia mmoja, tukisingizie kijiji kizima! Nikamrushia kitabu. Kikamwangukia mbwa.

Jumapili, 12 Juni

Kifua. Daktari kasema maji kwenye mapafu. Kaongeza vidonge, kaondoka na uso wa mtu anayejua tarehe.

Duarte kachukua kurasa zake. Uchapaji unaanza Alhamisi.

Jumatatu, 13 Juni

Waganduaji wamefika kitalu cha bondeni. Ni zamu yake: 75, 84, 93, 2002, sasa. Mpaka leo miti ile inahesabiwa kwa kufuata uongo wangu, na wataalamu wanakuja na vitabu vyao na kuukubali.

Felismina karudi kutoka getini amekaza midomo. Mmoja wa waganduaji kampigia kelele: "Felismina! Mlete mzee wako atusomee namba!" Wenzake wakacheka. Miaka thelathini na sita, na mzee mwenyewe yuko kaburini.

"Wapumbavu," nikasema.

"Nimewazoea. Waliozaliwa juzi nao wanaijua hadithi hiyo."

Kisha, akinibadilishia foronya, akaongea kuliko alivyowahi kuongea miaka yote sita. Kwamba baba yake alibisha mbele ya kamati ya ushirika: kitalu hiki tulikigandua mwaka aliozaliwa Felismina wangu, wakati bado. Wakamwita mbwa wa mabwana, analinda gamba la tajiri wake. Akaenda mjini kwa miguu, ofisi ya vizazi, kuuliza. Karani kamfungulia daftari: 1968. Akarudi, akasimama mbele ya mti, akasoma sita.

"Akasema karani kakosea. Mama akamwambia, Zeferino, aliyezaa ni mimi! Wapi. Akatoa amri waanze. Na tangu siku ile, Binti, alinizidishia miaka miwili. Nilipotimiza thelathini akaninunulia keki ya thelathini na mbili. Mwaka aliokufa ndio huohuo."

Anacheka. Kweli anacheka! Nilitaka kusema palepale. Nikaomba maji.

Mwoga. Mwoga mwenye elimu ya watawa na Kifaransa fasaha.

Jumatano, 15 Juni

Leo ni siku ya nywele. Felismina aliniegemeza kwenye beseni nikiwa kitini, sabuni imeshapakwa, na mimi nimefumba macho. Nikasema hivyohivyo, kichwa chali: baba yako alikumbuka sawasawa. Karani hakukosea. Namba nilizibadili mimi.

Vidole vikasimama kichwani mwangu.

"Zote?"

"Zote."

"Kwa sababu gani?"

Nikamweleza ile kofia. Nilisikia povu likipasuka masikioni.

"Aliifanyia mazoezi nyumbani," akasema mwishowe. "Kupita bila kuivua. Mama ndiye aliyekuwa wewe — anapita na kikapu, pua juu. Tulicheka mpaka machozi. Usiku ule hakulala, alivyofurahi."

Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Akatoka. Hakunisuuza.

Duarte kaja mbio. "Umemwambia nini? Kashuka bondeni na taulo begani, hata mlango hakufunga!" Nikamwambia aketi. Hakuketi. Anazunguka, anasema kesho mtambo unaanza, wageni wa kwanza Julai, jina la ukoo. Kanipa daftari hili mwenyewe, akidhani litanituliza.

Sasa Felismina yuko chini ya dirisha. Hataki kupanda. Anamwita Duarte, si mimi:

"Mwambie Binti avumilie asife kwanza! Waganduaji wanakuja wote. Nami sisemi kitu — atasema yeye, kwa mdomo wake!"

Duarte amefunga dirisha. Anataka nijilaze, niseme nimezidiwa, eti yeye atazungumza nao. Atawapa divai. Nimemwambia afungue na anisogeze pale. Anatikisa kichwa. Ana machozi, maskini, na suruali mpya.

Sabuni imeingia jichoni. Pumzi si nyingi, nazitunza. Kiti kina magurudumu lakini hayajatiwa mafuta tangu Pasaka. Nasukuma kuelekea dirishani kwa vidole vya miguu. Kigae kimoja cha sakafu. Sauti zao ziko kwenye kisima sasa, wanaulizana, mmoja anasema huyu bibi kweli bado yuko hai?

Kigae cha pili —